Pai ya Dhahabu Yenye Matundu Mawili

Effie Mudie alikuwa binti wa mwalimu mkuu. Alisoma Kilatini hadi umri wa miaka kumi na saba, akajua kupiga kinanda bila kuangalia vidole, kisha akaolewa na mwoka mikate. Shangazi zake walilia harusini, na si kwa furaha. Walisema mtoto wa watu ametupwa kwenye unga. Effie aliwajibu kwamba unga haumchafui mtu anayejua kujikung'uta, na kwa miaka thelathini na mmoja akaishi hivyo hivyo. Kila asubuhi alisimama nyuma ya kaunta na aproni iliyopigwa pasi na kola ya lesi shingoni, na katika mji wote wa Kirkbarrow hakutokea mteja wa kumwita kwa jina lake la kwanza.

Mumewe, Dugald, alikuwa mtu wa kifua kama pipa na maneno mengi kuliko mikate yake. Pai zake za nyama ya kondoo zilijulikana mpaka pwani. Mwaka waliooana alitundika juu ya mlango wa duka ngao ya mbao aliyoichora kwa mkono wake: simba wa manjano amesimama kwa miguu miwili kwenye uwanja mweupe, ameshika pai. Ila Dugald hakuwa mchoraji. Simba alitoka na masikio ya kulala na uso wa huruma, na wenye macho waliapa kwamba yule ni mbwa wa daktari.

Dugald hakujali. Aliwaambia wateja kwamba hiyo ndiyo nembo ya ukoo wa Mudie tangu enzi za Sir Gilbert Mudie, shujaa aliyempelekea mfalme mkate katikati ya vita mfalme akiwa hoi kwa njaa. Mwanzoni ulikuwa mkate mmoja. Baada ya miaka mitano ukawa kikapu. Kufikia mwisho wa vita vya Wajerumani, Sir Gilbert alikuwa akivuka mto na gunia kila bega na tanuri mgongoni. Effie aliisikia hadithi ikiumuka kama unga uliozidishiwa hamira, akanyamaza. Mke mwenye heshima hamsahihishi mumewe mbele ya wateja, na wateja wakishaondoka Dugald alikuwa keshalala.

Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, lilikuwa duka la Ninian, mdogo wake Dugald. Ndugu hawa walifundishwa kuoka na mama yao, na mama alitoboa pai tundu moja katikati ili mvuke utoke. Wiki mbili baada ya kumzika mama, Dugald akaanza kutoboa mawili. Alidai pai nayo ina haki ya kupumua kwa pua mbili kama binadamu. Ninian alisema huko ni kumtemea mama mate kaburini, akachukua mti wake wa kusukumia unga, akavuka barabara na kufungua duka lake. Kwa miaka kumi na mmoja waliongea kupitia wateja tu. Mtu aliingia kwa Ninian kununua skoni, vile vimkate vya chai, akatoka na ujumbe wa kumpelekea Dugald kwamba pai zake zinavuja kama mashua mbovu, na alipofika kwa Dugald akapewa majibu ya kurudisha, pamoja na maandazi.

Dugald alifariki mwezi wa Februari mwaka 1955. Ninian alikuja kuzika, akasimama nyuma kabisa, na kwenye chai ya msiba akainua pai moja, akaigeuza, akayaona matundu mawili, akairudisha kwenye sahani polepole kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake. Effie aliliona hilo. Alikuwa na jicho la kuona mambo ya namna hiyo.

Mwaka ukapita na zaidi. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hii ililia kwa bahasha nene yenye muhuri kutoka Edinburgh. Barua ilitoka kwa mwendesha mashtaka wa ofisi ya wapiga mbiu wa Malkia. Effie aliwajua wapiga mbiu kutoka magazetini, wale mabwana wanaovaa makoti yaliyotariziwa kama mapazia ya ikulu na kusoma matangazo ya kifalme viwanjani. Hakujua kwamba wana mwendesha mashtaka wao. Barua ilimweleza kwa adabu nyingi kwamba katika nchi ya Uskoti hakuna ruhusa ya kutundika nembo isiyoandikwa katika daftari la wapiga mbiu, kwamba imeletwa taarifa ya ngao iliyoko juu ya duka lake, na kwamba ana siku arobaini kuishusha.

Effie aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Ngao ikishuka, mji utauliza kwa nini. Wakishajua kwa nini, watauliza habari za Sir Gilbert. Na Dugald, ambaye hawezi tena kujitetea wala kuongeza gunia, ataitwa mwongo akiwa kaburini, na jina la Mudie litakuwa kichekesho kwa muuza samaki. Binti yake Rhona, aliyekuwa muuguzi mjini Dundee, alimwambia kwenye simu aishushe tu, maana ni ubao na mbwa. Effie alimjibu kwamba simu inakata, ingawa ilikuwa haikati.

Siku ileile alipanda ngazi akaifunika ngao kwa kitambaa cha meza chenye mawaridi, akaandika barua Edinburgh kuomba miadi. Kitambaa kile kilileta watu kuliko simba alivyowahi kuleta. Walisimama chini yake wakiinua shingo, wakaingia kununua kitu kidogo ili waulize. Effie aliwaambia rangi inakauka.

*

Mpiga mbiu aliyempokea aliitwa Torquil Orr. Effie alitarajia koti la dhahabu. Alimkuta bwana mrefu mwembamba kama mshumaa, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, ameketi katikati ya vitabu vilivyopangwa hadi darini. Effie alikuwa amevaa kofia ya manyoya ya kwale, na papo hapo akajua kwamba kwa mavazi amemshinda. Hilo lilimpa nguvu.

Mezani kulikuwa na picha ya ngao iliyotumwa na mlalamikaji. Bwana Orr aliitazama kwa muda.

"Samahani, Bi Mudie. Huyu ni mbwa?"

"Ni simba."

"Aa. Pole sana."

Akamweleza taratibu. Kutokuandikishwa ni kosa, lakini makosa ya namna hiyo yanasameheka. Simba aliyesimama hivyo anafanana mno na simba wa Malkia, na hilo nalo, kwa kuwa anafanana zaidi na mbwa, linaweza kusameheka. Lakini manjano juu ya nyeupe? Hapo sauti ya Bwana Orr ilitetemeka. Katika kazi yao manjano ni dhahabu na nyeupe ni fedha, na dhahabu haiwekwi juu ya fedha, kwa sababu vitani askari aliye mbali haoni chochote, atampiga mkuki mjomba wake mwenyewe. Aliigeuza picha ikalala kifudifudi, kama mtu anayefunika chakula kilichoingia nzi.

"Na pai?" Effie aliuliza.

"Pai ni nzuri. Tangu nianze kazi hii sijaona mtu aliyeomba pai. Pai ndiyo kitu pekee humo kilicho cha kweli."

Effie akataja jina la Sir Gilbert, kwa sauti ya mtu anayetaja kiungo asichokuwa na uhakika nacho. Bwana Orr alisema amekwisha kutafuta, kwa kuwa jina hilo limo kwenye malalamiko. Hakuna shujaa wa jina hilo. Yuko Gilbert Mudie mmoja tu katika maandishi ya zamani ya wilaya ile, mwoka mikate aliyekamatwa akiuza mikate miepesi kuliko uzito uliowekwa, akatembezwa sokoni na mkate umening'inizwa shingoni.

Effie alinyoosha glavu zake juu ya mapaja, kidole baada ya kidole. Kisha akaomba kitabu hicho kifungwe, na Bwana Orr akakifunga.

"Basi safari yangu imekwisha," Effie akasema, akisimama. "Nilidhani tuna babu."

"Mama, keti. Nani kakwambia unahitaji babu? Anayerithi nembo ndiye anayehitaji babu. Anayeomba nembo mpya anakuwa yeye babu."

Akamweleza kwamba nembo yaweza kutolewa kwa kumbukumbu ya marehemu, ikiwa familia itathibitisha kwamba alikuwa mtu wa kustahili. Mjane ataandika maisha yote ya marehemu, kila neno liwe la kweli, na wakati huo ngao ikibaki imefunikwa siku arobaini hazitahesabiwa. Wakuu wakiridhika, Dugald Mudie atakuwa wa kwanza wa ukoo wake, na ngao yake itakuwa juu ya mlango kwa sheria, si kwa hisani. Effie aliketi. Aliketi wima kuliko alivyokuwa amesimama.

"Kuna jambo moja kwenye malalamiko sikulielewa," Bwana Orr aliendelea, akiinua karatasi mbali na macho ya Effie ili asione jina. "Mlalamikaji anasema nembo ni ya uongo, simba ni wa uongo, na pai ni ya uongo kupita vyote, kwa sababu ina matundu mawili, ilhali, nanukuu, mama yetu alituachia moja. Je, idadi ya matundu ina maana yoyote?"

Effie alipiga hesabu. Ulimwenguni walikuwapo watu wawili tu waliofundishwa pai na mama yule, na mmoja wao alikuwa chini ya ardhi.

"Sijataja jina," Bwana Orr akasema haraka.

"Hujataja. Kajitaja mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Effie alirudi Kirkbarrow kwa treni ya jioni, na alipopita mbele ya dirisha la Ninian alitoa salamu ya kichwa iliyo baridi kiasi kwamba Ninian, aliyekuwa akipanga skoni, aliangusha tatu.

*

Mtu asiyejua kazi ya wapiga mbiu hudhani nembo ni picha. Nembo ni maneno. Picha inaweza kuungua, kufutika au kuchorwa upya na mtu mwingine. Kinachotiwa muhuri ni maelezo ya maandishi, na mchoraji yeyote wa karne yoyote akiyasoma lazima achore kitu kilekile. Bwana Orr alikuwa na desturi yake mwenyewe ya kuyapima maneno. Aliyaandika kwenye kikaratasi, akampelekea mchoraji wa chumba cha pili bila kumwambia kitu, akangoja aone kitakachotoka. Mchoraji huyo, Bi Beatrix Laing, alikuwa hali nyama tangu utotoni, na pai ya kondoo hakuwahi kuitazama kwa karibu. Kwa Bwana Orr hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Safari ya pili ya Effie, maneno yalisomeka: katika uwanja wa buluu, pai ya mviringo ya dhahabu yenye matundu mawili. Bi Laing alileta kifungo cha koti. Kilikuwa kifungo kizuri sana, kilikosa uzi tu.

Wakaongeza kwamba pai ina kuta zilizosimama wima. Bi Laing akaleta ngoma yenye macho mawili, na macho hayo yalionekana kushangaa. Wakaongeza kwamba inafuka mvuke wa fedha kutoka katika matundu yote mawili. Kikaja kiwanda chenye moshi, na Effie alisema kwamba mumewe hakuwahi kuajiri watu zaidi ya wawili. Effie alitaka kumwonyesha mchoraji pai halisi yaishe, kwani alikuwa nazo nne kwenye kikapu. Bwana Orr alikataa kwa uso wa huzuni. Mchoraji wa miaka mia tatu ijayo, alisema, hatakuwa na kikapu cha Bi Mudie. Ila alikitazama kikapu kile kwa muda mrefu, na ilipofika saa saba alikiri kwamba asubuhi hakula. Alikula mbili. Ya tatu aliifunga kwenye leso, akasema ni kwa ajili ya utafiti.

"Wewe unaijua pai kwa kuila," Effie akamwambia. "Mimi ninaijua kwa kuiuza. Niachie kalamu."

Aliandika kwa mwandiko wa binti wa mwalimu mkuu. Kuta za unga zilizosimama wima, ukingo wake ukipanda juu ya kifuniko. Kifuniko kimezama chini ya ukingo kwa unene wa kidole, kama ziwa ndani ya kilima, mahali pa mchuzi kutulia. Na katikati ya kifuniko matundu mawili yaliyolingana, yanayofuka. Bwana Orr aliondoa ziwa na kilima, akasema sheria haipendi mifano, akapeleka karatasi.

Walingoja dakika arobaini. Bi Laing alipoingia alikuwa na rangi ya dhahabu kwenye pua. Aliweka karatasi mezani. Ilikuwa pai ya Dugald. Hata ule upande mmoja wa ukingo, ambao vidole vyake vinene vilikuwa vikiubonyeza kidogo, ulikuwa umebonyea. Effie aliulizia choo kilipo, akakaa huko kwa muda, akarudi kola yake ikiwa imenyooka kabisa.

Yakabaki maneno ya kuwekwa kwenye utepe juu ya ngao. Bwana Orr alipendekeza Kilatini, na Effie, aliyekijua Kilatini kumzidi, alikataa. Aliandika maneno ambayo Dugald alikuwa akiyanadi mlangoni kila siku saa nne asubuhi: Ingali ya moto.

*

Kuandika maisha ya Dugald kulimchukua wiki sita. Kila neno liwe la kweli, aliambiwa, na Effie aligundua kwamba akimtoa Sir Gilbert, mumewe anabaki mfupi kidogo. Aliandika kwamba alizaliwa Kirkbarrow, akaoka tangu miaka kumi na miwili, hakulewa ila siku za harusi, alilipa kodi. Akasoma, akaona ameandika habari za mtu yeyote. Akachana.

Mwishowe akaandika habari za theluji ya mwaka 1947, siku treni ilipokwama maili nne nje ya mji na abiria sabini ndani. Dugald alioka usiku kucha, akapakia pai kwenye sleji ya mtoto, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, akaivuta mwenyewe. Alifika na pai sitini na sita kati ya sabini. Effie alisita hapo na kalamu hewani. Kwa heshima ya familia, nne zilizopungua zingeweza kuanguka njiani. Lakini kila neno liwe la kweli. Akaandika kwamba marehemu alizila mwenyewe ili apate nguvu ya kufika, na kwamba aliwaomba radhi abiria wanne, akarudi mjini kwa miguu kuwaletea zao. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kumsikia Dugald akiisimulia hadithi hiyo dukani. Labda kwake haikuwa na mfalme wa kutosha.

Safari ya tatu, wakuu walikuwa wamekwisha kuridhika. Bwana Orr alikuwa na swali moja la mwisho, nalo alilisoma kwenye fomu bila kuinua macho. Nembo hii iwaendee wazao wa Dugald peke yao, yaani Rhona na watakaomfuata? Au iwaendee pia wazao wengine wa baba yake Dugald?

"Wazao wengine ni nani?" Effie aliuliza, ingawa alijua.

"Ni ndugu wa marehemu, kama yupo."

Effie alitazama dirishani. Neno moja tu, na Ninian angefungiwa nje ya ukoo kwa muhuri wa Malkia mpaka mwisho wa dunia. Alilionja neno hilo mdomoni, nalo lilikuwa tamu. Kisha akafikiria watu wa baadaye watakaofungua daftari lile. Watasoma kwamba Mudie walikuwa wawili na mmoja akatupwa nje, nao watauliza alifanya nini. Nyumba yenye heshima haioneshi ufa wake kwa mpita njia. Hata hivyo aliuliza, kwa ajili ya kujua tu, ndugu mdogo akiingizwa anapata nini hasa.

Bwana Orr alimfafanulia. Nembo ni ya mtu mmoja. Mdogo wa marehemu haruhusiwi kuitundika hivi hivi tu. Lazima aje mwenyewe Edinburgh aombe, na atapewa nembo ileile ya kaka yake, ila imezungushiwa ukingo wa rangi, ili kila anayeiona ajue kwamba huyu ni tawi la mdogo.

"Nembo ileile?"

"Ileile."

"Kwa idadi ileile ya matundu?"

Bwana Orr aliweka kalamu chini. Haikuwa kawaida yake kucheka ofisini, na alijaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi. "Matundu mawili, Bi Mudie. Imo katika maneno. Hata Malkia hawezi kuziba moja."

"Basi mwandike," Effie akasema. "Mwandike kwa wino mzuri. Yeye ni Mudie."

*

Hati ilifika mwezi wa Oktoba, ngozi safi yenye rangi na muhuri mzito, na fundi wa Dundee akatengeneza ngao mpya ya mbao kwa kufuata maneno. Effie alimtuma mwanamke wa posta ng'ambo ya barabara na ujumbe, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya familia: shemeji yake aje asome karatasi inayomhusu.

Ninian alikuja na aproni yake, akanawa mikono bila kuambiwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kope zilizojaa unga. Aliisoma hati yote, na alipofika kwenye wazao wa baba na ukingo wa tawi la mdogo akaisoma tena.

"Umeniweka."

"Nimekuweka."

"Shemeji, mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe uliyeandika. Kaa na aibu yako, ni ya familia, tutaitunza hapahapa."

Ninian akakaa nayo kidogo. Kisha macho yake yakarudi kwenye hati, kwa sababu nembo ni nembo, na mtu aliyemuonea kaka yake wivu wa ubao kwa miaka thelathini haponi siku moja. Aliuliza juu ya ukingo. Aliuliza rangi. Mwisho kabisa, akiangalia pembeni, akauliza ukingo huo kisheria unaweza kuwa mpana kiasi gani, na kama ukiwa mpana sana hauwezi kwa bahati mbaya kufunika tundu moja.

"Nenda Edinburgh ukamuulize Bwana Orr," Effie alisema. "Mpelekee pai. Sasa nishikie ngazi."

Nje, watu walikuwa wamejaa. Muuza samaki alikuwa mbele, mikono imekunjwa. Ninian hakushika ngazi. Aliipanda, akaondoa kitambaa cha mawaridi, akamshusha simba wa zamani, akapandisha ngao mpya. Buluu na dhahabu viliwaka kwenye jua la asubuhi, kila mmoja akaviona, hata aliyekuwa mwisho wa barabara bila miwani.

Muuza samaki aliuliza simba yuko wapi, na Sir Gilbert je.

Tangu barua ile ya kwanza ifike, Effie alikuwa akiliogopa swali hilo. Alishika kola yake, akasema kwa sauti ya darasani, ili asikiwe mara moja na asirudie.

"Hakuna Sir Gilbert. Wapiga mbiu wa Malkia wametafuta, hayupo. Ukoo huu wa nembo unaanza na mume wangu, Dugald Mudie, mwoka pai."

Alingoja kicheko. Muuza samaki alikuna shavu.

"Bi Mudie, hilo tulijua siku nyingi. Tulikuwa tunawekeana dau pale baa, tanuri litafika mgongoni mwaka gani. Mimi nilishinda. Hakuna mtu Kirkbarrow aliyewahi kumwamini Dugald kwa lolote ila pai, tulikuwa tunampenda tu anavyodanganya."

Effie aliiachia kola yake. Miaka yote ile alikuwa akilinda mlango ambao haukuwa na kufuli. Ila kutoka juu ya ngazi ilisikika sauti nyingine, na ilikuwa na hasira.

"Mwambieni muuza samaki," Ninian alisema, akisahau kwamba muuza samaki yuko chini yake hatua tatu, "kwamba ndugu yangu nitamwita mwongo mimi. Mimi tu. Nilimwita kwa miaka kumi na mmoja, nina haki. Nyinyi wengine mmekuja kununua au kusimama?"

Walitazamana. Harufu ya nyama na pilipili manga ilikuwa ikitoka mlangoni, na ilikuwa imekaribia saa nne.

"Mbili," muuza samaki akasema.

Effie alijikung'uta unga ambao haukuwapo, akaingia nyuma ya kaunta, akamfungia mbili kwenye karatasi. Baada yake foleni ilifika mpaka mlangoni kwa Ninian, naye alishuka ngazi akaenda kufungua duka lake, kwa kuwa waliokuwa mwisho wa foleni walikuwa wameanza kutazama skoni.